Mtungi Uliojaa Nusu

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Didia tumeshavuna dengu, na babu yako amepona kikohozi. Unauliza kwa nini bibi mnayemtembelea na wanafunzi wenzako huko Runzewe huwaomba mfagie uwanja ambao tayari ni safi.

Nikiwa shuleni, mimi na rafiki yangu Kabula tulimchotea maji bibi mmoja aliyeishi peke yake. Siku moja tulimjazia mtungi pomoni ili tupumzike siku mbili. Kesho yake akatuita.

"Wajukuu, maji yameisha."

"Bibi, kwani unaoga mara ngapi?" Kabula akamtania.

Akacheka sana. Nyuma ya nyumba niliona udongo umelowa. Alikuwa ameyamwaga.

Tangu hapo tulijaza nusu.

Fagieni, ila polepole.

Bibi yako,
Mama Masanja