Ndoo Isiyokaa Chini

Wandera, bwanangu mdogo,

Nina hasira na wewe. Salamu nitakupa nikimaliza.

Nilikupa jina la babu yako, mume wangu, nikakuita bwanangu tangu ukibebwa mgongoni, na sasa umenifanya mjane mara ya pili. Nani alikutuma urudi ndani? Stoo ya pamba iliposhika moto ulipiga kengele, wapagazi wote wakatoka, hata yule kiziwi ulimvuta kwa mkono. Kazi yako ilikuwa imekwisha. Ukarudi na ndoo mbili za maji, moja kila mkono. Ndoo mbili, kwa stoo iliyojaa pamba mpaka juu. Mtu mzima, mwenye mke.

Ndoo za kuzimia moto zilitakiwa kuwa kumi na mbili ukutani. Hapo ndipo pananichoma.

Mwenye stoo anazunguka Busia yote akisema zile kumi uliziuza ng'ambo, Uganda. Anasema moto ulishinda kwa sababu mtunza ndoo alikuwa mwizi. Na watu wanaitikia kwa kichwa, wale wale uliowatoa. Wake zao wanajua ndoo ziko wapi, wamenyamaza. Na mimi nimenyamaza nao, wiki ya sita hii.

Unakumbuka ulivyoikuta ndoo moja jikoni kwangu? Nyekundu, chini yake mviringo kama kibuyu. Ukaniambia, "Kukhu, hiyo imetengenezwa isikae chini, ili watu wasiibe." Nikakucheka. Nikasema aliyeitengeneza hajawahi kuona ingata. Kichwani inatulia kuliko debe, na juu ya mafiga inakaa kama ilizaliwa hapo. Wanawake wengine waliona kwangu, wakaenda kuchukua zao.

Ulirudi mara tatu kuniomba. Mara ya tatu uliomba kwa heshima mpaka nikakasirika, nikakuambia ndoo inayoning'inia mwaka mzima kama popo haina kazi, yangu inapika maharagwe. Hukunishtaki. Hukumshtaki hata mmoja. Kila Jumamosi uliendelea kugonga kengele kidogo, usikie kama inalia, na kujaza maji zile zilizobaki.

Ungenishtaki, mjinga wewe. Ningekutukana mwezi mzima, halafu ningepika, ungekula.

Keshokutwa kuna baraza. Mama Nekesa na wenzake wenye ndoo walikuja jana kunibembeleza. Ati mimi ni mzee, nitajiaibisha bure, na wewe umeshakufa, husikii. Niliwafukuza na ufagio. Husikii, lakini mke wako anasikia. Juzi pale kisimani walimwachia nafasi kama mtu mwenye ukoma.

Nitapita katikati ya soko na ndoo kichwani, na masizi yake. Sitaisugua. Nitaitua mbele ya mwenye stoo, ibingirike mpaka miguuni pake. Nitasema niliiba mimi, Wandera hakuuza kitu. Wengine sitawataja. Nitasimama pale nikiwatazama machoni, mmoja mmoja, mpaka waende kuleta zao. Mimi sina haraka, shamba nimeshapalilia.

Haya, salamu. Mtoto wako mdogo ameanza kutembea, na vifundo vya miguu kama vyako. Lala sasa. Hakuna atakayemwita mama yake mke wa mwizi nikiwa hai. Kama Busia hii inataka jina la mwizi, mimi nilifika darasa la pili tu, lakini kuandika langu najua:

Nabwire, kukhu yako.