Ukija Krismasi, Usibebe Mairungi

Masinya, Busia,
Uganda.
9 Novemba 2025

Mpendwa mwanangu Levis,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani huko Juba, na lile tumbo lililokuwa likikusumbua limetulia? Sisi tu wazima, ila goti langu linaninyima raha mvua ikinyesha. Muhogo umekubali mwaka huu. Yule jogoo wako nilimla, usiniulize.

Tumefurahi kwamba unakuja Krismasi. Lakini umeandika utapitia mpakani kuchukua mairungi, ili wewe na mdogo wako Eriya mketi mtafune kama zamani. Hapo ndipo nilipotafuta kalamu.

Sikugombezi kwa majani yako ya miraa, ingawa meno yako nayaonea huruma. Wewe nakujua. Unatafuna na wenzako siku ya raha, yakiisha unakunywa chai, unalala, kesho umeyasahau.

Eriya naye alianza hivyo hivyo. Kwa vile alikuwa akipakia mizigo kwenye malori, sote tulisema anatafuna apate nguvu za kazi. Tulijidanganya. Hata siku isiyo na kazi alitafuna, chakula hataki, hasira karibu. Raha ilikwisha zamani, alikuwa anatafuna ili tu aweze kuamka.

Siku ya ubatizo wa binti yake, padri alimwita baba wa mtoto, akamwita tena. Alikuwa amevuka upande wa Kenya kutafuta majani mabichi. Kate mkewe alibaki mbele ya watu peke yake na mtoto, mpaka nikaenda kusimama naye. Niliona aibu sana.

Sasa msikie ndugu yako. Wiki ile ile alikuja kwangu akasema, "Shangazi, kila siku nasema naacha, na siachi. Nisaidie." Mtu mzima kutamka hivyo si mchezo, Levis. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote.

Tulikwenda hospitali ya Masafu, wakamsikiliza vizuri. Akaacha malori, akawaaga marafiki zake wa mpakani, sasa analima hapa. Usingizi ulimpotea, akawa mkali kama nyuki. Aliteleza mara moja, akaja mwenyewe kuniambia. Tangu Pasaka hajagusa. Anakula, na Kate ameanza kucheka tena. Namheshimu kijana huyu kuliko wazee wengi wa hapa.

Lakini amesikia unakuja. Sasa anataka kumpeleka Kate kwao wakae huko Krismasi yote. Wale wa mpakani aliweza kuwakatalia. Wewe anakupenda mno, hajui atakukatalia vipi.

Kate anakusalimu, na jirani yetu mama Loy pia, anauliza utaoa lini. Mungu akufunike njiani, akulete salama.

Njoo mikono mitupu, mwanangu. Wewe ukianza, unaacha. Eriya akianza, haachi. Mpigie simu leo umwambie huji na jani hata moja, ili ndugu yako asikukimbie.

Mimi shangazi yako akupendaye,
Mugeni