Maganga na Kaktasi Yangu Ndefu

Jumanne, 9 Septemba

Nimegeuza makopo kama kila asubuhi, upande wa kivuli nao upate jua. Kwenye kaktasi ndefu, ile niliyoibatiza Mrefu, nikaona pamba. Nikadhani ni nyuzi za cherehani, maana nashonea hapo hapo barazani. Nikachokoa kwa sindano. Pamba ikatembea.

Vidung'ata! Wadudu wale wale wanaomaliza mihogo kule bondeni. Wamejipanga kwenye mikunjo, kila mmoja na koti lake jeupe. Nikiminya wanatoa ute wa njano. Na sisimizi wanapanda na kushuka kama wachungaji, wanawalinda, wanaramba utamu wao, wanawahamishia kopo la jirani. Barazani kwangu! Nani kawakaribisha?

Mwaka huu, kuliko miaka yote. Mrefu ana kitumba. Kimoja, cha kwanza, kina manyoya kama kifaranga. Nilimnunua akiwa saizi ya kidole gumba wakati mwanangu wa mwisho yuko darasa la pili. Sasa mwanangu ana mtoto.

Sitakubali.

Jumatano, 10 Septemba

Spiriti kutoka duka la dawa na vijiti vya masikio. Nimegusa mdudu mmoja mmoja. Koti jeupe linayeyuka, anabaki kitu kidogo cha kahawia, basi. Miiba imenichoma mpaka cherehani leo naikanyaga kwa hasira. Makopo nimeyasimamisha kwenye sahani za maji ili sisimizi wasivuke.

Bibi Nyamizi alikuwa anaota jua ng'ambo ya ua wa matete. Ni mama yake Maganga, jirani yangu. Wanyamwezi wale, na mimi Mfipa, kwa hiyo ni watani. Namwamkia shikamoo kwanza, heshima ni heshima, halafu matusi yanaanza. Yeye huniita mtumwa wake. Mimi namwita mpagazi aliyetua mzigo. Kila asubuhi swali lake ni moja: "Wewe mtumwa, limechanua?" Anataka kuliona hilo ua kuliko mimi. Nikamwambia bado, lina chawa. Kasikitika kweli.

Maganga naye akapaza sauti kutoka bandani kwa ng'ombe zake: Mfipa mzima unashindwa na wadudu, si uwapige radi? Nyoo. Utani huo wa Wafipa kurusha radi nimeusikia tangu nazaliwa. Atafute mwingine.

Jumamosi, 13 Septemba

Wamerudi. Nikajiuliza wanatoka wapi. Nikang'oa ile kaktasi ya masikio ya sungura kwenye kopo lake. Loo! Mizizi yote ina unga mweupe. Walikuwa chini muda wote mimi nahangaika juu. Wahuni hawa.

Nimeosha mizizi, nimekata iliyooza, nimeilaza kivulini ikauke. Udongo wa zamani nimeutupa mbali, kopo nimelisuuza kwa maji ya moto. Mrefu sijamng'oa. Ukimsumbua atadondosha kitumba. Yeye ni spiriti na subira.

Alhamisi, 18 Septemba

Wamepungua. Leo kwa Mrefu nimeona wawili tu. Kitumba kimerefuka kama kidole, ncha inaanza kuwa nyeupe.

Kesho naenda Kasesya kuchukua vitenge, nitalala kwa dada. Nimemwambia Maganga atupie macho baraza, mbuzi wasiingie. Nikasema wazi: usimwagie, usiguse, tazama tu. Akaitikia.

Jumapili, 21 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Nimeshuka kwenye pikipiki, harufu ikanipokea getini. Dawa ya kupe! Maganga kachukua bomba lake la kupulizia ng'ombe, kapulizia kaktasi zangu. Zote. Mchana, jua kali. Barazani kweupe kama kumemwagika maziwa.

Mrefu kaungua upande mzima. Ngozi imekuwa ya kahawia, laini, ukibonyeza kidole kinazama.

Maganga kaja anacheka. Eti kupe na vidung'ata ni ukoo mmoja, kawamaliza wote, nimshukuru. Nimshukuru! Hata mabegi sijayatua.

Jumatatu, 22 Septemba

Nina hasira. Nina hasira. Nina hasira.

Na sina pa kuipeleka. Mtani hakasirikiwi. Ukimnunia mtani, mtaa mzima unakuona wewe ndiye mwenye kasoro. Mwenyekiti wa mtaa nimemweleza, kacheka mpaka kashika nguzo. Kasema, huyo mtani wako, utamfanya nini? Kwa hiyo naandika hapa, ambapo hakuna wa kunicheka: Maganga ni mjinga. Maganga ana mikono ya nyani. Nilisema USIGUSE.

Nimeosha kaktasi zote kwa maji mengi. Sijui kama inasaidia.

Jumatano, 24 Septemba

Kitumba kimedondoka. Nimekikuta kwenye sahani ya maji, kinaelea.

Nimelia. Kwa ajili ya kaktasi, mwanamke mzima. Ndiyo, nimelia.

Uozo unapanda kutoka chini. Nikafuta kisu kwa spiriti, nikamkata Mrefu juu, nikazidi kukata mpaka nyama yake ikawa safi, haina doa. Kimebaki kichwa cha urefu wa kiganja. Nimekilaza kivulini kidonda kikauke. Kisiki nimekiacha kwenye kopo. Sina moyo wa kukitupa.

Bibi Nyamizi hakutoka kuota jua leo. Nashukuru. Angeuliza.

Jumamosi, 27 Septemba

Bibi Nyamizi amefariki alfajiri. Alikuwa na kifua siku tatu. Mimi nilikuwa nimenuna ndani mwangu, sikwenda hata kumjulia hali.

Wanasubiri ndugu kutoka Tabora. Maziko Jumatatu. Maganga anapokea watu mlangoni, macho makavu, anasema asante, asante, kama karani. Wenzangu wa jikoni wananitazama. Mtani ni mimi. Msiba wa Mnyamwezi unamngoja Mfipa auchangamshe. Nitachekeshaje, na hasira hii?

Jumatatu, 29 Septemba

Nimekwenda nayo hiyo hiyo hasira.

Nilivaa koti la mvua kinyumenyume, nikajitwika kopo lenye kisiki cha Mrefu, nikaingia uani napiga yowe. Leo Mfipa ndiye mpagazi! Misiba ni miwili, na muuaji wa mmoja ndiye mfiwa wa mwingine! Nikaweka kopo katikati ya mlango. Jeneza halipiti. Nikayasema yote niliyoyaandika hapa, mbele za watu, kwa sauti: mjinga, mikono ya nyani, kupe na vidung'ata ukoo mmoja! Sikuigiza hata neno moja. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nikadai Maganga avue kofia ampe pole marehemu wangu.

Akavua. Akainamia kisiki. "Pole, Mrefu," akasema, akaanza kucheka, na kicheko kikageuka katikati. Akalia. Alilia kama mtoto, kanishika bega, koti la mvua likalowa. Ndipo akaniambia sikioni. Mama yake ndiye aliyemtuma. Alikuwa haoni vizuri tena, alidhani bado zina chawa, akamsumbua siku mbili: msaidie mtumwa wetu, ua lisife kabla sijaliona.

Nikaondoa kopo mlangoni. Jeneza likapita.

Jumapili, 5 Oktoba

Kidonda cha kichwa cha Mrefu kimekauka, kigumu kama kisigino. Nimekipanda kwenye mchanga mkavu. Hakuna maji. Nimekagua makopo mengine kwa sindano. Masikio ya sungura haina kitu. Ile kaktasi ya duara ina kovu lakini itaishi.

Maganga ananisalimia "habari za asubuhi, dada." Dada! Kama mgeni wa serikali. Hanitanii. Inaniudhi kuliko dawa ya kupe.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nimevuta kichwa cha Mrefu kidogo, kikanivuta. Kimeshika mizizi. Nimekipa maji ya kwanza, kijiko kimoja. Mwaka huu hakuna ua. Wala mwakani, nadhani.

Wakati namalizia makopo, nilisikia kigoda kinavutwa ng'ambo ya ua wa matete. Maganga alikuwa amekaa pale alipokuwa anakaa mama yake, kikombe mkononi, uso kwenye jua.

"Wewe mtumwa," akasema, "limechanua?"

Nikamwambia bado. Nikaingia ndani kubandika uji.