Waya Uliolegea

Mjukuu wangu Mwanaisha,

Wa alaikum salaam. Sisi huku Mtopanga tu wazima, alhamdulillahi. Mamako anakusalimu, na nduguyo Hamisi amepata kazi Miritini.

Picha nimeiona. Mashaallah, nyaya za ile pikapu niliyokupa umezipanga zimenyooka utadhani safu za swala! Sasa waniuliza kuhusu ule waya mmoja uliolegea ubavuni mwa injini: unaharibu sura, uufupishe? Hebu ngoja kwanza.

Nyaya zile nilizifunga mimi, wakati nimeoa majuzi tu. Nilizivuta zikakaza kabisa, nikajiona fundi. Siku hiyo mimi na bibi yako tukavuka feri kwenda harusini Likoni, na tulipofika ng'ambo injini ikakataa kuwaka. Wenye mikokoteni wakatusukuma hadi juu barabarani, Mungu awalipe. Kufungua boneti, waya huohuo umekatika.

Marehemu bibi yako, aliyekuwa akishona kanzu, akachungulia. Akasema, "Injini ikinguruma yatikisika, nawe waya umeukaza. Hata kanzu hutiwa kikwapa, kile kipande cha kwapani, mtu apate kuinua mkono."

Nikauunga, nikauachia nafasi. Haukukatika tena. Na nyumbani pia, kila nilipoanza ukali, aliniambia tu, "Kikwapa, bwana," nami nikacheka, yakaisha. Namshukuru Mungu kwa kunipa mke yule.

Basi waya wenyewe ubadilishe, umezeeka kama mimi. Ila nafasi ile ya bibi yako, mwanangu, usiipunguze.

Ni mimi babu yako