Kwa Mama Pasi, Aliyepiga Kasia Peke Yake

Mwaka umetimia, Mama, tangu simu yako ya mwisho kutoka kule pwani ya majabali, kusiko na barabara wala nyumba.

Mtaa mzima ulikuita Mama Pasi. Ulifua mashuka ya hoteli na makoti ya madaktari, ukayanyoosha mpaka mtu aone haya kuyakunja. Ulisema umeishi na maji ya beseni miaka yote, sasa unataka maji yasiyo na ukingo. Ukanunua kayaki, kile kitumbwi chembamba cha mtu mmoja. Sisi wanao tulikijaribu tukatoka hoi, wewe uliyezoea kukamua mashuka mazito ukatucheka: "Mabega hayanunuliwi, wanangu!"

Ulipenda vitu vilivyonyooka. Nguo, foleni, hata maneno. Ukaona ramani ya safari ina mikunjo, ukaipiga pasi. Loo! Kumbe juu ina utando wa plastiki. Kipande kizima cha pwani kikayeyuka, likabaki doa jeupe. Baba akashika kichwa, akakusihi uahirishe. Ulicheka mpaka ukakaa sakafuni.

"Hapo sasa ni pangu," ukasema. "Nitapaona mwenyewe."

Kila jioni ulipiga kwa ile simu ya setilaiti uliyoazima. Baba aliweka sauti kubwa, mawimbi yakajaa jikoni, nasi tukaacha vijiko tukasikiliza. Ulitusimulia pomboo waliokusindikiza, na ukungu wa asubuhi uliofanya usijue maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Ulisema unapiga kasia huku kama umelala, na huogopi.

Jioni ile sauti yako ilikuwa ya chini, ya raha. "Nimefika pale palipoliwa na pasi. Jamani, ni pazuri! Maji yametulia kama shuka jipya. Ngoja nioge kidogo, nitawapigia."

Waokoaji waliikuta kayaki mchangani, imevutwa mbali na maji, nguo zako zimekunjwa ndani. Wewe hawakukuona.

Baba alikataa katakata. Waliokuja kutoa pole aliwauliza, "Mnamlilia mtu aliyechelewa? Mke wangu mnamjua, hata harusi yake hakuwahi!" Watu walicheka huku wanalia. Neno marehemu likapigwa marufuku nyumbani. Siku lilipomponyoka Shangazi mezani, Baba aliacha chakula, akaenda kupiga pasi magauni yako ambayo yalikuwa yamenyooka tayari. Akawa hali vizuri wala halali usingizi. Tuliogopa, Mama, kwamba tutampoteza na yeye.

Juzi alituita sebuleni. Amekonda, lakini alikuwa amenyoa ndevu. Akasema, "Andikeni tangazo la kumbukumbu."

Dada mkubwa akachukua kalamu, akamuuliza aanze vipi. Baba akageukia dirisha.

"Mwambieni huku tuko salama," akasema. "Mwambieni asihangaike tena kurudi."

Kisha akalia, Mama, kwa mara ya kwanza, nasi tukamshika.

Unakumbukwa na mumeo, aliyekula vizuri jana; wanao na wakwe zako; wifi yako, aliyekuwa mshindani wako wa kucheka; wajukuu zako; na wenzako wa kazi ya udobi, wanaokuachia nafasi yako kwenye meza ya pasi.

Hutatutoka moyoni, maisha yetu yote.