Kapu la Chipa Getini

Kolonia Ysyry,
Caaguazú,
Paragwai.
Jumapili, 13 Agosti 2023

Mpendwa Mama Mdogo Librada,

Kwanza naunganisha viganja na kukuomba baraka, kama ulivyonifunza kabla sijaota meno ya mbele. Kama bado umekasirika, nibariki shingo upande, nitaipokea hivyo hivyo.

Hujambo huko Málaga? Mgongo unaendeleaje, na yule bibi unayemtunza bado anasusa supu? Sisi huku hatujambo. Baba goti linamsumbua baridi ikizidi, lakini akisikia kuna karata kwa mzee wetu Karai Toribio goti hupona ghafla. Tarehe mosi tulikunywa ile pombe ya majani ya ruda na limau ili Agosti itupite salama. Mama alimsimamia kila mtu anywe mafunda saba, si zaidi, ila yake mwenyewe alikosea kuhesabu, akaimba mpaka mchana.

Barua hii inakuja kwa mkono wa Nilsa, binti wa Fermina, anayeruka Alhamisi. Nimeshika kalamu kwa sababu tangu Mei simu zangu hupokei, na ujumbe wangu unausoma bila kujibu. Vile vialama viwili vya buluu vimenitoa machozi mara nyingi kuliko nitakavyokiri. Najua ulichosikia: kwamba mimi Nimia, uliyenilea kwa mikono yako, nilimwachisha kazi Ña Porfiria, rafiki yako wa kufa na kuzikana. Umesikia kweli. Mficha uchi hazai, kwa hiyo nakueleza yote, pamoja na yanayoniaibisha.

Duara la saa tatu asubuhi pale kiwandani unalikumbuka vizuri kuliko mimi. King'ora kinalia, mitambo ya wanga wa muhogo inanyamaza, watu wa mizani, wa boila na madereva wa malori wanakaa pamoja uwanjani, vibuyu vya tereré, ile chai yetu ya maji baridi, vinazunguka. Sasa, Februari ushirika wetu uliletewa mfumo mpya wa kompyuta. Kila mmoja kazini akapewa kishikwambi, na kila lori likawa linachukua namba mizanini na kusubiri zamu yake. Ofisini kwa meneja mpya, Don Evelio, ukawekwa ukuta mzima wa chati: mtambo ukienda, kijani, ukisimama, nyekundu.

Na kila siku saa tatu, mstari mwekundu. Don Evelio alinionyesha mstari ule kwa uso wa daktari anayekuonyesha uvimbe. Akaniambia, kwa kuwa mimi ndiye mkuu wa ofisi ya utumishi, nilivunje duara: watu wapumzike kwa zamu tatu, dakika kumi kumi, na madereva wabaki nje kwenye malori yao. Nilitia saini siku ile ile. Tena sikuishia hapo. Nilitundika ubao wa picha ya mfanyakazi bora wa mwezi, na mafunzo ya vishikwambi niliyatoa mwenyewe, kwa muda wa saa mbili tu, kwa Kihispania. Wewe wajua kule uwanjani watu wanaongea Kiguarani mpaka ndotoni. Lakini vitabu vilikuja kwa Kihispania, na mimi kichwa kilikuwa kimevimba, nilitaka nionekane msomi.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba lile duara lilikuwa likifanya kazi. Dereva alikuwa akinyonya mrija na kusema mzigo wake uling'olewa Jumatatu, daraja lilimchelewesha. Porfiria anasikia, anamwambia mtu wa mizani, lori lile linatangulizwa. Muhogo haungoji mtu. Siku mbili baada ya kung'olewa bado ni mzuri, ya tatu unaanza mishipa ya buluu, ya nne ni balaa. Jambo hilo halikuandikwa popote. Waliotengeneza mfumo wangelijulia wapi? Na sisi tuliolijua tulidhani ni soga tu.

Basi mvua za Mei zikaharibu barabara. Lori la Karai Silvio lilikwama kwenye tope siku mbili, likafika, likapewa namba, likasubiri nyuma ya malori yaliyobeba mihogo ya jana yake. Lilipomfikia Porfiria kwenye ukaguzi, kituo cha nne, mihogo ilikuwa imeshashika buluu. Kishikwambi chake kilikuwa na vitufe viwili: kijani kupokea, chekundu kukataa. Angebonyeza chekundu, Silvio angerudi nyumbani na shamba lake zima likioza mgongoni mwa lori. Alibonyeza kijani. Wiki ile alikibonyeza kwa namna hiyo mara tatu.

Wanga ukatoka wa kijivu, unanuka uchachu. Mnunuzi wa Brazili akarudisha shehena nzima. Don Evelio akauliza mfumo kosa ni la nani, mfumo ukajibu: kituo cha nne, Porfiria Ayala.

Mama Mdogo, hapa ndipo ninapotamani karatasi iishe. Niliandika barua ya kumwachisha kazi, nikampelekea mwenyewe uwanjani. Aliisoma taratibu, midomo ikicheza, kisha akaniuliza:

"Hii umeiandika wewe, Nimia, au mashine?"

"Mashine, Ña Porfiria."

"Kumbe mashine inanipenda. Imeniita mpendwa."

Akaikunja, akaitia kifuani, akaondoka. Nilimdanganya mtu mzima mchana kweupe, na yeye alijua kuwa namdanganya.

Jumatatu iliyofuata alikuja kukaa nje ya geti na kapu la chipa, vile vimkate vya wanga na jibini, limefunikwa kitambaa cheupe. Wenzangu wa ofisini wakasema amekuja kunitia aibu. Nami niliamini hivyo, nikawa naingilia mlango wa nyuma kama mwizi, wiki mbili nzima, nikiruka mtaro na viatu vya ofisi. Siku moja nilitumbukia. Cheka tu, nimestahili.

Mwezi wa sita ukaingia na chati ikaanza kupanda. Wanga wa kijivu ukakoma, magunia yakatoka meupe, siku hata siku. Don Evelio akafurahi meno nje, akaagiza keki. Alisema mbele ya watu wote kwamba mfumo umezaa matunda, na kwamba ofisi yangu imesaidia sana, maana alipoondolewa mmoja wengine walinyooka. Nilipigiwa makofi. Keki nilikula vipande viwili, na nakiri ilikuwa tamu.

Lakini utamu huo haukushuka vizuri. Nawajua watu wetu. Ukiwatisha hawanyooki, wananuna. Wakati huo alikuwapo Auristela, mhandisi wa kompyuta kutoka Asunción, aliyekuja kuhudumia mfumo. Msichana mwembamba, mcheshi, anatafuna ukucha akifikiri. Nikamwomba anitafutie kilichobadilika. Akachambua takwimu asubuhi nzima, akaniambia ndani ya kiwanda hakijabadilika kitu hata kimoja. Kitu cha ajabu kiko mizanini: malori yanaingia yakiwa yameshapangika, ya mihogo ya zamani mbele, mibichi nyuma. Akasema ni kama kuna mtu anayeyapanga kabla hayajachukua namba.

Tulitoka kwa miguu, kwa lango kuu safari hii.

Malori sita yalikuwa yameegeshwa kando ya barabara, injini zimezimwa. Madereva wamelizunguka kapu, kibuyu cha tereré kinapita mkono kwa mkono, na katikati yupo rafiki yako, ana muhogo mkononi. Aliuvunja kwa goti, akautazama, akaunusa.

"Umeung'oa lini, we Isabelino?"

"Jumanne, Ña Porfiria."

"Muongo. Huu wa Jumapili. Ulikwenda kucheza dansi ukauacha juani. Haya, pita mbele kabla haujakuumbua. Na wewe mwenye kofia, wako bado una udongo mbichi, tulia ule chipa nyingine."

Na mwenye kofia akatulia, akala. Duara nililolivunja lilikuwa limehamia barabarani, na mtu niliyemwachisha kazi alikuwa akikifanyia kazi kiwanda chetu bila mshahara, huku mimi ndani nala keki kwa jasho lake. Auristela aliangua kicheko. Mimi nililia pale pale, mbele ya madereva, wala sikujificha.

Nilimuuliza kwa nini anafanya vile baada ya barua ile. Hakuniangalia, alikuwa anafunika kapu.

"Mihogo si ya Don Evelio wala si yako," alisema. "Ni ya watu waliovunjika migongo kuilima. Ulitaka niitazame inaoza nami nina macho mawili? Na kama unataka chipa, panga foleni."

Nilipanga foleni.

Mchana nilimleta Don Evelio. Namsema sana yule bwana, lakini hana ubaya, ni mtu wa mjini anayeamini kila kilichoandikwa. Alisimama kwenye tope jekundu na viatu vyake vya kung'aa, nusu saa nzima, akitazama malori yanavyopangwa. Mwishowe akauliza kwa sauti ndogo kama hivi ndivyo ilivyokuwa tangu Mei. Porfiria akamjibu ndivyo ilivyokuwa miaka ishirini na sita, ila zamani walikuwa wakikaa kivulini.

Tangu siku hiyo mambo yamegeuka, na ndiyo maana nakuandikia nikiwa na raha moyoni. Auristela alikaa wiki tatu. Kila saa tatu aliketi na watu, akauliza, akasikiliza, akanywa tereré mpaka tumbo likawa ngoma. Kisha akaongeza kwenye vishikwambi sehemu ya kuandika siku ya kung'olewa, na kitufe cha tatu, cha njano, cha kutanguliza lori. Maneno yote sasa ni ya Kiguarani. Duara limerudi, madereva wamo, na kishikwambi kimoja kinawekwa katikati karibu na jagi la maji, yanayosemwa yanaandikwa hapo hapo. Mashine ina kumbukumbu kuliko sisi sote, nimeikubali, lakini haijui kitu mpaka mtu aiambie, na mtu huongea akiwa ameketi na wenziwe. Penye wengi hapaharibiki jambo. Wanga wa Julai, Mama Mdogo, ungeuona, mweupe kama shuka la kanisani. Mstari mwekundu wa saa tatu bado upo kwenye chati kila siku, na hakuna anayeugusa.

Kulibaki jambo moja. Porfiria aliitwa arudi, akakataa. Alisema harudi mahali ambapo jina lake limeandikwa kosa. Don Evelio akaamuru lifutwe. Auristela akajaribu, ikashindikana: mfumo ulivyotengenezwa, kosa la kurudishiwa shehena haliwezi kubaki bila mwenyewe. Ukitoa jina, lazima utie jingine, na haupokei maelezo, unapokea namba ya mfanyakazi tu. Don Evelio akapendekeza tuweke namba ya mzee mmoja aliyestaafu, maana hatajua. Pale ofisini tulikuwa watatu, na wote tulikuwa tunakitazama kile kisanduku kitupu cha namba kwenye skrini.

Niliingiza namba yangu. Ikaniuliza kama nina uhakika, nikabonyeza ndiyo.

Usinisifu. Ilikuwa kweli tupu: aliyevunja duara ni mimi, aliyefundisha kwa lugha ya kujionyesha ni mimi. Nilipaswa kufanya hivyo Mei. Kile cheo cha kusimamia viwanda vyote viwili, nilichoahidiwa nikakutambia Krismasi mpaka ukachoka, kimekwenda kwa mtu wa Oviedo, maana mwenye doa hapandi. Mama anasema nimejichimbia kaburi. Baba yeye Jumapili alinichotea nyama nono kuliko ya kaka zangu. Cheo kiliniuma wiki moja, sasa hakiniumi. Naingia kwa lango kuu.

Porfiria amerudi, na sasa ndiye anayewafundisha wageni wote kazi, kwa Kiguarani, kwa matusi matamu. Kwenye ule ubao wangu wa mfanyakazi bora watu wamebandika zamu ya kuleta majani ya dawa ya tereré. Nimeuacha.

Kama amenisamehe, sijui. Hatugombani, kibuyu ananipitishia zamu yangu ikifika. Sijamuuliza, naogopa jibu. Barua hii nitampa aisome kabla sijaifunga, ili kusiwe na neno langu juu yake alilokosa kulisikia. Kama ameona nimejipendelea, aikatae.

Mpokee Nilsa vizuri, umpe kitu cha baridi, katoka kwenye baridi yetu na kuangukia joto la huko. Baba na Mama wanakusalimu, Karai Toribio pia, na Fermina anasema umtunzie binti. Bikira wa Caacupé akufunike kwa joho lake, akupunguzie mgongo, akupe siku za kupumzika.

Ni mimi mwanao, nikupendaye hata ukininunia,

Nimia

*

Librada,

Nimeisoma yote. Ameongeza chumvi kidogo, sikumwambia Isabelino habari ya dansi, nilimwambia mabaya zaidi. Ila kuhusu ile namba anasema kweli. Nilikuwa nimesimama mlangoni, yeye hajui. Hakuna aliyemlazimisha.

Umenuna vya kutosha kwa niaba yangu, nashukuru. Sasa mjibu mwanetu.

Porfiria