Kaichukue Ile Mashine ya Sukari

Mwari wa maitu, dada yangu Mama Njeri,

Nakusalimia nikiwa sina amani. Miguu bado inafura? Huku ng'ambo baridi ni ya kuua. Juzi nilipiga chafya ikaanguka sakafuni kama mvua ya mawe. Lakini hiyo hainiwezi.

Kilichoniweza ni simu ya binti yako Njeri. Ati ulisimama kanisani hapo Skuta ukashuhudia kwamba ndugu yako, yaani mimi, ametengeneza kiraka cha kupima sukari kwa jasho, bila kudunga kidole, na anakuletea. Makofi yakapigwa. Ukatoka hapo ukampa jirani yako Mama Kariuki mashine yako ya kupima. Sasa unajidunga insulini kwa kukisia, na majuzi ulianguka ukikatia ng'ombe majani ya nepia.

Dada, sikiliza. Hiyo kitu iko, lakini nilijigamba tu kwenye simu: mimi naosha vyombo vya maabara, ingawa nisipoviosha hakuna profesa hapa anaanza kazi. Ni plastiki nyeusi, nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, inapitisha stima ndani ya maji ya chumvi. Ziko aina mbili. Moja ni sugu kama punda, lakini hubeba nafasi tupu zinazoachwa na elektroni. Ya pili, ile inayobeba elektroni zenyewe, ndiyo tunataka, kwa sababu sukari ikivunjwa inatoa elektroni, na hiyo plastiki inazipokea. Lakini hewa inainyang'anya hizo elektroni. Ndani ya sanduku lisilo na hewa inafanya kazi kama malaika. Itoe nje, ipake jasho, inachoka kabla chai haijapoa.

Nilimwomba mkubwa wetu, mama mmoja wa miwani minene, anipe kiraka kimoja tu nikutumie. Akaweka kalamu chini.

"Hiki hakijawahi kupima hata mgonjwa mmoja," akasema. "Mwambie dada yako asikingojee."

Nikatoka hapo nikashika kalamu kukuandikia.

Njeri anasema unaona haya kuirudia mashine baada ya yale makofi. Nakuomba kwa jina la mama yetu, nenda kwa Mama Kariuki leo. Mwambie ndugu yako ana mdomo mkubwa kuliko kazi yake. Wakicheka, wanicheke mimi, niko na mgongo mpana kuliko wa mtu yeyote Nyeri. Wewe uko peke yako na hiyo sindano.

Salimia shemeji, na shangazi yetu wa Kerugoya, na Njeri aliyekuwa na akili ya kunipigia.

Salamu zangu usizijibu. Pima, unitumie namba iliyotokea.

Ni mimi ndugu yako,
Maina